Nimehamia kijijini, mwezi wa pili sasa sijapata pa kula chakula cha maana. Mliotangulia mlifanyaje?

#1 Mgeni wa Bondeni (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi imenitoa mjini na kunitupa kijijini. Hewa sina ugomvi nayo, majirani ni watu wa maana, usiku nalala kama mtoto. Ugomvi wangu ni tumbo.

Mjini nilikuwa mtu wa kula nje. Si kwa kujidai, ni kwamba nikitoka kazini sina nguvu ya kusimama jikoni, na kichwani nilikuwa na ramani yangu: hapa supu, pale samaki, kule usiende ila Ijumaa. Nilipoambiwa nahamia huku nikajisemea sasa ndiyo nitafaidi, maana chakula si ndiyo kinatoka huku? Nikajiona naokota yai likiwa bado na joto la kuku.

Jumamosi ya kwanza nikafungua ramani ya simu nikatafuta mgahawa. Ikaniletea mmoja, nyota tano. Nikaendesha dakika 40 kwenye vumbi. Nafika, mlango una kufuli lenye kutu, na kwenye benchi la wateja kuku ametaga. Niliporudi nyumbani ndipo nikasoma yale maoni kwa utulivu: yako matatu tu, yote ya miaka minne iliyopita, na wawili kati ya walioandika wana jina la ukoo lile lile la mgahawa.

Wiki iliyofuata nikapata mgahawa ambao upo kweli. Ukutani kuna orodha ya vyakula 18, imeandikwa kwa rangi nzuri. Naagiza cha kwanza, hakipo. Cha tatu, hakipo. Nikamwambia dada, basi nitajie vilivyopo. Akataja viwili. Nikala kimoja, na usiku ule niliikariri njia ya chooni.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni nyanya. Genge la hapa lina nyanya zilizochoka kuliko nilizokuwa nanunua mjini. Namuuliza muuzaji zimetoka wapi, ananijibu zimekuja na lori. Lori limetoka wapi? Mjini. Na ng'ambo ya mto naliona shamba la nyanya kwa macho yangu!

Sasa nauliza: mnajuaje pa kula? Na vitu vya shamba mnavipataje kabla havijaondoka? Au nikubali tu nijifunze kupika?

#2 Kijiko cha Mbao

Nimekaa siti ya mbele. Huyo kuku ndiye alikuwa meneja wa zamu, ungemsalimia kwanza.

#3 Lori Jekundu

Mkuu, miaka 22 niko barabarani, kanuni ni moja: fuata malori. Ukiona malori sita yameegeshwa mahali saa saba mchana, ingia bila kuuliza. Dereva anakula njiani kila siku ya maisha yake, akiumwa tumbo ni hasara ya safari nzima, kwa hiyo mahali pabaya panajulikana ndani ya wiki.

Na msidharau watu wa magurudumu kwenye mambo ya chakula. Mwongozo wa migahawa unaoogopwa na wapishi wakubwa duniani, Michelin, ulianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na watengeneza matairi. Walikuwa wanaugawa bure kwa wenye magari, ndani kuna mafundi, mahali pa mafuta, na namna ya kubadili tairi. Lengo lao watu wasafiri, matairi yaishe. Nyota zilikuja 1926. Na mpaka leo maana ya nyota tatu ni kwamba mgahawa huo unastahili ufunge safari kwa ajili yake tu.

#4 Mkaguzi Mstaafu

Lori Jekundu, nakuheshimu ila kanuni yako ina tundu. Nimekagua majiko miaka mingi. Malori yanasimama penye uwanja wa kugeuzia, penye mlinzi, na penye mahali pa kuoga. Chakula ni sababu ya nne. Nimewahi kufunga jiko ambalo nje kulikuwa na malori tisa.

Ninachokubaliana nacho ni hili: panapokula watu wengi kwa saa chache, sufuria haikai. Hiyo ndiyo faida yenyewe.

#5 Lori Jekundu

Sababu ya nne 😂 Haya mzee, tuseme ya pili.

#6 Chaki na Ramani

Ngoja niwachoshe kidogo, ndiyo kazi inayonilisha.

Mleta uzi, unatafuta kitu ambacho hesabu haikiruhusu. Kila biashara ina idadi ya wateja ambayo ikipungua hapo inakufa. Mjerumani mmoja, Walter Christaller, aliliweka hili kwenye nadharia mwaka 1933 akichunguza miji na vijiji vya kusini mwa Ujerumani. Kila huduma ina kizingiti chake cha wateja, na ina umbali ambao watu wako radhi kwenda kuifuata. Kiberiti na chumvi vina kizingiti kidogo, ndiyo maana kila kitongoji kina kiduka. Mgahawa wenye vyakula 18 kila siku una kizingiti kikubwa. Kaya 200, ambazo karibu zote zinapika nyumbani, haziwezi kuubeba. Ile orodha ya ukutani ilikuwa ndoto ya mwenye mgahawa siku ya ufunguzi.

Sasa mpishi mzuri wa kijijini afanye nini? Wateja wakiwa hawatoshi kwa siku saba mahali pamoja, anabaki na njia mbili: afunge, au awafuate walipokusanyika. Ndiyo sababu kuna magulio. Mmarekani G. William Skinner aliandika juu ya masoko ya vijijini China katika miaka ya 1964 na 1965, na pale Sichuan alikuta mpango uliopangika kama saa: soko moja linafanyika tarehe zinazoishia na 1, 4 na 7, la jirani 2, 5 na 8, jingine 3, 6 na 9. Mchuuzi anazunguka yote, na kila anapofika anakuta wateja wa siku kadhaa wamerundikana wanamsubiri.

Kwa hiyo unauliza swali la mjini. Mjini watu huuliza wapi. Huku anza na lini.

Nyanya zako nazo zina historia. Mwaka 1826 mkulima na mchumi wa Kijerumani, von Thünen, alieleza kwamba kinachozunguka mji hupangwa na gharama ya kukifikisha sokoni na uwezo wake wa kustahimili safari. Ni kama pete zinazouzunguka mji: maziwa na mboga karibu na mji, nafaka mbali kidogo, mifugo mbali zaidi kwa sababu inatembea yenyewe. Barabara na malori vimezivuta hizo pete mpaka mlangoni kwako, lakini mvuto haujabadilika. Kila kinacholimwa karibu nawe kinautazama mji. Lori linabeba kreti 200 kwa mkupuo, linazipeleka soko kuu, na mwenye genge lako naye anaenda soko kuu kwa sababu huko ndiko anakopata nyanya, vitunguu, sabuni na betri kwa safari moja. Kuvuka mto kwa ajili ya ndoo mbili hakumlipi.

#7 Mgeni wa Bondeni (mleta uzi)

Mwalimu, hapo kwenye lini umenigusa. Nimemuuliza jirani sasa hivi. Anasema gulio lipo, Jumatano, kilomita tisa. Miezi miwili hakuna aliyenitajia kwa sababu sikuuliza, na wao wanadhani kila mtu anajua. Jumatano niko kazini ila nitajiiba.

#8 Bibi Jivu

Mwanangu Mgeni, usijiibe, omba ruhusa.

Nimeishi shamba tangu kuzaliwa na nimelisha watu zaidi ya hesabu. Wageni wa mjini wote wana kosa moja. Wanamsimamisha mtu njiani wanamuuliza, "Hapa kuna mgahawa mzuri?" Mtu huyo hajawahi kula mgahawani hata siku moja, kwake kunapikwa. Kwa heshima atakuelekeza penye bati jipya na viti vya plastiki. Hakudanganyi, amekujibu ulichouliza.

Uliza hivi: "Harusi ya mwisho hapa, aliyepika ni nani?" Utaona uso unabadilika. Atakutajia jina, na atakwambia nani alikuwa na nyama na nani alikuwa na mchele, na kama kuna ugomvi wa wapishi atakupa nao. Kila kijiji kina mtu wa namna hiyo, huitwa penye watu wengi na jambo lisiharibike. Hana kibao barabarani. Nenda kwake, keti, msalimie mpaka salamu ziishe, kisha mwambie unatafuta pa kula na utalipa.

Na ile orodha ya ukutani hamjaielewa, hata mwalimu. Ile si orodha ya vilivyopo. Ni orodha ya anavyoweza kupika ukimwambia jana yake. Nani atachinja kuku asubuhi akimsubiri mtu asiyejulikana kama atapita? Ungemwambia Ijumaa, "Dada, kesho saa saba nitakuja, namba saba ile," ungekuta namba saba. Siku uliyokwenda ulikula kilichobaki cha watu wengine.

Jingine: usiagize kwa tumbo moja. Sufuria haipashwi moto kwa sahani moja. Tafuta wenzako. Katika kijiji kuna walimu, kuna muuguzi, kuna mtu wa ofisi, wote wamehamia kama wewe na wote wanakula mkate na chai kwa siri.

#9 Kijiko cha Mbao

"Mkate na chai kwa siri." Bibi, umenifanyia ukaguzi bila kibali.

#10 Chaki na Ramani

Bibi, la orodha nimekosolewa na nimekubali. Niliona ndoto, kumbe ni mkataba.

#11 Mkaguzi Mstaafu

Niongeze juu ya kauli ya Bibi, "kilichobaki cha watu wengine", maana hapo ndipo ulipougulia.

Sahau sakafu. Wageni wanatazama sakafu na kitambaa cha meza. Jiko la kuni lenye sakafu ya udongo linaweza kuwa salama kuliko la vigae. Tazama mambo mawili: joto na saa. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au kishuke chini ya 5, na kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Katikati ya 5 na 60 ndiyo shamba la vijidudu. Huna kipimajoto? Una macho. Kifuniko kikifunuliwa mvuke upande. Chakula kilichotoka motoni kwa mara ya kwanza, kinachounguza ulimi, hakijapata muda wa kukudhuru. Cha uvuguvugu ndicho cha kukiogopa, hata kikiwa kimepambwa.

Wali ndio unaodanganya watu wengi. Kuna kijidudu, Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa mezani kutwa zinaamka, zinatoa sumu, na sumu ile haiondoki ukiupasha. Watu wanasema "nimeupasha vizuri" na bado wanatapika.

Kwa hiyo kijijini msikilize mwalimu: uliza lini, lakini si siku tu, uliza na saa. Muulize mpishi sufuria inatoka motoni saa ngapi, na uwe hapo saa hiyo. Atakupenda pia, maana unamwondolea mashaka.

#12 Tumbo Chuma

Acheni kumtia mgeni uoga. Sisi tumekula viporo tangu utoto na tuko hai. Tumbo la mjini limezoea kudekezwa, litazoea.

#13 Mkaguzi Mstaafu

Walio hai ndio wanaoandika humu, kaka.

#14 Tumbo Chuma

😂😂 Nimenyamaza.

#15 Ng'ambo ya Mto

Nacheka kwa sababu nalima nyanya, si za shamba analolitazama mleta uzi lakini hadithi ni hiyo hiyo. Ngoja niwape siri ambayo haiko kwenye ramani ya mwalimu.

Mchuuzi wa lori hataki nyanya iliyoiva. Anachuma ikiwa ndiyo kwanza inaanza kupiga rangi, kijani chenye wekundu kidogo kitakoni, ili istahimili kreti, mashimo na siku mbili sokoni. Itaivia njiani. Iliyoivia mtini, ile ambayo ukiigusa inakujibu, anaikataa. Kwake ni hasara, itapasuka na kuchafua wenzake. Kila siku ya kuchuma nabaki na ndoo kadhaa za namna hiyo. Tunakula, tunawapa majirani, nyingine tunawatupia nguruwe.

Yaani nyanya bora kuliko zote zilizomo shambani ndizo zinazokataliwa. Mgeni anapita barabarani na gari lake anakwenda kununua zilizosafiri mara mbili.

Vuka mto siku ya kuchuma, asubuhi, lori likishapakia. Usije kabla, mwenye shamba hana muda na wewe. Lori likiondoka, muulize, "Zilizobaki unafanyaje?" Basi. Na njoo na chombo chako kigumu, si mfuko, vinginevyo utafika nyumbani na mchuzi.

Mahindi mabichi ndiyo usiseme. Sukari inaanza kugeuka wanga tangu yanapovunjwa kwenye bua, kwa hiyo chemsha maji kwanza ndipo utoke kwenda kuyachukua. Si utani.

#16 Kisu cha Alfajiri

Na mimi wa machinjioni niseme neno, maana watu wa mjini wananiudhi. Wanakuja alfajiri, wanataka nyama "ya leo leo", wanaenda kuikaanga dakika kumi, kisha wanatangaza kijiji kizima kwamba nimewauzia ng'ombe mzee.

Nyama ya ng'ombe ikishachinjwa inakaza. Inaanza ndani ya saa chache, na inaweza kubaki imekaza siku nzima, ndipo ianze kulegea polepole. Wenye vyumba vya baridi huining'iniza siku kadhaa, hata wiki mbili, ndiyo ile laini unayolipia mjini. Kijijini pasipo na baridi huwezi kufanya hivyo, itaoza. Ndiyo maana wapishi wa shamba wanapika nyama kwa saa tatu nne, moto mdogo. Si ushamba, wanajua wanachoshughulika nacho. Chukua yenye mfupa na mishipa, kisigino, shingo, mkia. Zile nyuzi ngumu zikikaa motoni muda mrefu zinayeyuka kuwa ule utelezi unaonata mdomoni.

Siku ya kuchinja mgahawa mzuri ni ule ulioinjika asubuhi na haujauza mpaka mchana. Ukiona wamekuletea nyama dakika 15 baada ya lori langu la nyama kushusha, kula mboga.

#17 Mgeni wa Bondeni (mleta uzi)

Nasoma huku natafuta kalamu. Maswali mawili: maziwa na mayai. Jirani ana ng'ombe, anasema yake yanakunywewa hivyo hivyo, kuchemsha ni kuyaua.

#18 Ng'ombe Watatu

Mwambie jirani unampenda lakini utachemsha. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi, homa inayokwenda na kurudi miezi na miezi, na kifua kikuu cha ng'ombe. Ng'ombe anaweza kuwa nao huku ananawiri. Viwandani wanapasha nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Nyumbani huna haja ya hesabu hizo, yapande mpaka juu, koroga, basi. Mimi ninao ng'ombe, nawapenda, na nachemsha.

Mayai usiyaoshe kabla ya kuyaweka. Yana utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda, ukiuosha unafungua mlango. Osha unapotaka kupika. La kuelea kwenye maji limezeeka, hewa imeongezeka ndani, ila kuzama peke yake si cheti cha usalama.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: acha kununua moja moja. Mkulima hapangi kwa ajili ya mtu anayetokea Jumapili hii na asionekane mwezi. Japani tangu miaka ya 1970 kuna familia zinazokubaliana na mkulima moja kwa moja, wanaita teikei. Marekani mashamba ya namna hiyo yalianza 1986, mnalipa kabla ya msimu na kila wiki mnachukua fungu lenu, mvua ikikataa mnakula hasara pamoja. Nami nina wateja wanne tu wa hivyo, chupa zao zina majina. Asubuhi maziwa yakipungua, wapita njia ndio wanaokosa, wao hapana.

#19 Mama wa Mapacha

Asali je? Hapa tunapata ya msituni, nzito, nataka kuwalambisha watoto, wana miezi minane.

#20 Mkaguzi Mstaafu

Hapana, mama. Chini ya miezi 12 hata tone. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kiitwacho botulinum, utumbo wa mtoto mchanga haujaweza kuzidhibiti. Wewe kula, wao wasubiri.

Na kwa kuwa tumeingia msituni: uyoga usiokotwe kwa kubahatisha. Kuna uyoga wenye sumu ya kuua, Amanita phalloides. Una ladha nzuri kwa maelezo ya waliookoka, sumu yake haimalizwi na kupika, na dalili zinachelewa, saa 6 mpaka 24, wakati ini limeshaanza kuharibika. Kijiko cha fedha hakitambui sumu. Hakuna dawa ya mtaani inayoutambua. Nenda na mtu ambaye ameokota msitu ule ule miaka mingi, na ule alioukataa usimbishie.

#21 Mgeni wa Bondeni (mleta uzi)

Wakuu, wiki tatu zimepita, naleta mrejesho.

Niliomba ruhusa kazini (Bibi, nimekusikia). Jumatano nikafika gulio saa nne asubuhi. Wapishi wako watatu chini ya mti mmoja. Wa kwanza ana meza yenye kitambaa na sahani zimeshapakuliwa zinasubiri, zimefunikwa kwa karatasi. Wa pili hana mtu. Wa tatu, mama mtu mzima, ana sufuria moja kubwa imekaa kwenye mawe matatu, na watu kama 15 wamekaa chini wanaongea bila haraka. Nikauliza mtu, mbona hamli? Akanijibu bila kunitazama: "Bado."

Nikakaa. Saa sita kasoro yule mama akavuta kuni mbili nyuma, akafunua kifuniko. Mvuke ukampiga, akageuza shingo tu, mkono haukurudi. Akazamisha upawa mpaka chini, akaupandisha taratibu ukikwangua ubavu wa sufuria, ukatoka na mfupa, mafuta, na majani fulani mabichi ya kienyeji ambayo sikuyajua. Akaonja kwa ncha ya kidole. Akaongeza chumvi, si ya kijiko, ya vidole vitatu. Kisha akamtazama mtu wa kwanza, mtu yule akanyanyuka na sahani yake mwenyewe aliyotoka nayo nyumbani.

Mimi sikuwa na sahani. Mwenzangu wa "bado" alipomaliza akaisuuza yake akanipa.

Sitaeleza ladha, sina maneno. Niseme tu kwamba nyama iliachana na mfupa nilipoiinua, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu nihamie nilinyamaza nikila. Saa saba na nusu sufuria ilikuwa imeinamishwa kwenye nyasi, imeisha. Waliofika saa nane waliambiwa Jumatano ijayo. Yule mwenye kitambaa bado alikuwa na sahani zake.

Nyanya nazo nimevuka mto. Nilifanya kosa la kufika kabla ya lori, nikatazamwa kama mwizi. Lori likaondoka, nikauliza swali nililofundishwa, mzee akacheka akanionyesha ndoo tatu chini ya mwembe. Nimekula nyingine nikiwa nimesimama pale pale, maji yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

#22 Lori Jekundu

Gulio lenyewe liko barabara kuu au ndani? Naulizia rafiki.

#23 Bibi Jivu

Hukumaliza kazi, mwanangu. Jumatano moja, siku sita unakula nini? Ulimuuliza harusi?

#24 Mgeni wa Bondeni (mleta uzi)

Nilimuuliza, Bibi. Nilimuuliza mke wa jirani: harusi ya mwisho, nani alipika? Akaweka ndoo chini. Dakika 20 nikapewa historia yote, pamoja na ule ugomvi. Jina lililotoka anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Miezi miwili nimekuwa nikimpungia mkono nikidhani ni fundi cherehani. Ni fundi cherehani kweli, na ndiye aliyepika harusi hiyo.

Nikaenda, nikakaa, salamu zikaisha. Nikamwambia shida yangu. Akaniuliza mko wangapi. Nikasema mmoja. Akarudi kwenye cherehani.

Ikabidi nitafute watu. Nimempata muuguzi, walimu wawili, na kijana wa mnara wa simu, ambaye Bibi alimjua kabla yangu: mkate na chai, kabatini, miezi saba. Alhamisi iliyopita tulikuwa watano. Wiki hii muuguzi analeta shemeji yake na mwalimu mmoja anakuja na mkewe, tuko saba. Fundi anataka idadi kamili Jumatano kabla ya jua kuzama, baada ya hapo hapokei hata simu.

Kijiko cha Mbao, kama unapita upande huu sema mapema. Na uje na sahani.